Kuhamia kwa wakubwa, kujenga upya, kubaki au kucheza peke yako: chuo kilichoachwa na wenzake kifuate njia ipi?

Pullman ni mji mdogo mashariki mwa jimbo la Washington, umezungukwa na vilima vya ngano. Wakenya waliofuatilia riadha miaka ya 1970 wanalijua jina hilo. Ndiko alikokuwa akisoma Henry Rono mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Ya kwanza aliivunja Berkeley, ya pili Seattle, mbili za mwisho Vienna na Oslo. Berkeley na Seattle kwake zilikuwa kama uwanja wa jirani, maana vyuo vya miji hiyo, California na Washington, vilikuwa konferensi moja, yaani umoja mmoja wa michezo, na chuo chake, Washington State. Konferensi hiyo, ambayo sasa tunaiita Pac-12, ilianzishwa mwaka 1915.

Rono alifariki Februari 2024, na miezi michache baadaye konferensi aliyoikimbilia ikasambaratika. California sasa wako Atlantic Coast Conference, yaani ACC, umoja ambao hata jina lake ni la bahari nyingine. Washington wako Big Ten pamoja na Ohio State na Michigan. Washington State wamebaki na jina la nyumba na majirani wapya. Riadha haihusiki hata kidogo. Aliyevunja nyumba ni futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, kwa sababu ndio unaoleta pesa za televisheni.

Mambo yalikwenda haraka. Tarehe 30 Juni 2022, USC na UCLA, vyuo viwili vya Los Angeles, walitangaza kwamba wanahamia Big Ten. Julai 2023 Colorado wakaaga kwenda Big 12. Mezani kukawa na ofa ya matangazo kutoka Apple, ambayo sehemu ya malipo yake ingetegemea ni watu wangapi watajisajili kulipia, na wakuu wa vyuo hawakutaka kuweka bajeti zao juu ya matumaini. Tarehe 4 Agosti 2023, siku moja tu, wakaondoka watano: Oregon na Washington kwenda Big Ten, Arizona, Arizona State na Utah kwenda Big 12. Tarehe 1 Septemba ACC ikawachukua Stanford na California, na ikamwongeza SMU wa Dallas. Wakabaki wawili, Washington State na Oregon State wa Corvallis.

Msomaji aliyezoea soka atauliza kwa nini wasipambane uwanjani hadi wapande daraja. Hakuna kupanda wala kushuka daraja huku. Konferensi ni umoja wa vyuo vinavyocheza pamoja na kuuza haki za matangazo kwa pamoja, na unaingia kwa kualikwa. Unaweza kushinda miaka kumi mfululizo usialikwe. Unaweza pia kufungwa miaka kumi, lakini ukawa karibu na televisheni nyingi, ukaitwa.

Kwa hiyo ukiwa mhitimu, mshabiki au mzazi wa kijana mwenye ofa ya chuo kilicho njia panda, swali ni hili: kati ya njia zilizopo, ipi ina kesho? Nazilinganisha nne ambazo vyuo halisi vimezifuata.

Vigezo kwanza

Cha kwanza ni pesa inayobaki mkononi, baada ya kutoa madeni na ada. Zamani mgao wa televisheni ulijenga viwanja na majumba ya mazoezi. Juni 2025 jaji Claudia Wilken aliidhinisha suluhu ya kesi ya House, iliyofunguliwa na wanamichezo waliodai malipo, na tangu tarehe 1 Julai mwaka huo chuo kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Asiyekuwa na mgao mnene atazitoa wapi?

Cha pili ni njia ya kufika kwenye mtoano wa taifa. Mtoano ulikuwa wa timu nne hadi msimu wa 2023. Tangu 2024 ni timu 12. Kwa utaratibu wa kuanzia 2026, mabingwa wa Big Ten, SEC (konferensi ya vyuo vya kusini mashariki), ACC na Big 12 wana viti vyao, na kiti kimoja anapewa bingwa aliye bora kuliko wote wa konferensi zilizobaki. Hata mapato ya mtoano yamegawanywa kwa ukubwa wa mtu: Big Ten na SEC wanachukua takriban asilimia 29 kila mmoja, ACC kama 17, Big 12 kama 15, na wengine wote wanagawana kilichosalia.

Cha tatu ni safari na watani wa jadi. Cha nne, uwezo wa kuwashika kocha na wachezaji, maana siku hizi mchezaji anaweza kuhama chuo kila mwaka bila kukaa nje msimu.

Cha tano ndicho ninachokipa uzito kuliko watu wengi: mlango unafunguka lini tena? Mkataba wa matangazo wa Big Ten unaisha 2030. Wa Big 12 na ule mpya wa Pac-12 inaisha 2031. Mkataba wa mtoano wenyewe unakwenda hadi msimu wa 2031. Ada ya kuihama ACC, kwa mujibu wa suluhu ya Machi 2025 kati yake na Florida State na Clemson, inashuka mwaka hadi mwaka mpaka kufikia kama dola milioni 75 msimu wa 2030. Kila kitu kimepangwa kufunguka karibu wakati mmoja. Kwa hiyo uamuzi wa leo mimi nausoma kama uchaguzi wa mahali pa kungojea, wala si mahali pa kuzeekea.

Njia ya kwanza: kuingia kwa wakubwa kwa mgao pungufu

Mfano mkali kuliko wote ni SMU, chuo binafsi cha Dallas. Mwaka 1987 kilifungiwa msimu mzima kwa kosa la kuwalipa wachezaji kwa siri, na 1988 chenyewe kikaamua kisicheze. Konferensi yake, Southwest, ikavunjika 1996. Kikatangatanga konferensi moja hadi nyingine kwa karibu miaka 30. (Kile kilichokiua mwaka 1987, kuwalipa wachezaji, leo kina kanuni na kiwango chake kilichobarikiwa na mahakama. Wazee wa Dallas wana haki ya kucheka kwa uchungu.)

Pesa. SMU walikubali kutochukua hata senti ya mgao wa televisheni wa ACC kwa miaka tisa. Ndani ya wiki moja baada ya kualikwa, wahitimu na wafadhili wakachanga dola milioni 100. Stanford na California waliingia ACC kwa takriban asilimia 30 ya mgao. Oregon na Washington, ingawa walikwenda kwenye konferensi tajiri zaidi, walianza na kama dola milioni 30 kwa mwaka zinazoongezeka milioni moja moja, takriban nusu ya wanachopata wenyeji. Kwa hiyo wanne kati ya hawa wamekatwa mshahara, na mmoja anafanya kazi bure.

Mtoano. Hapa ndipo bei inapojieleza. Msimu wa kwanza, 2024, SMU walishinda mechi zote nane za ACC. Kwenye fainali ya konferensi wakafungwa na Clemson 34 kwa 31, kwa teke la yadi 56 muda ukiwa umekwisha, na bado wakaitwa kwenye mtoano. Huko Penn State wakawachapa 38 kwa 10. Timu iliyofungwa fainali ya konferensi ndogo isingepata simu hiyo. Oregon nao walibeba kombe la Big Ten mwaka wao wa kwanza bila kupoteza mechi, hadi Ohio State walipowasimamisha kwenye Rose Bowl.

Safari. Hapa ni maumivu. Vijana wa Stanford na California wanavuka bara zima kwenda kucheza Carolina na Massachusetts. Timu ya futiboli inasafiri mara chache kwa msimu na ndege ya kukodi, mwache huyo. Mfikirie binti wa voliboli mwenye mtihani wa kemia Jumatatu asubuhi.

Kocha na wachezaji. Jina la konferensi kubwa linaita. Kijana wa Texas anayetaka kucheza mechi za ACC bila kuondoka nyumbani sasa ana mlango Dallas, ambao miaka mitatu nyuma haukuwepo.

Mlango wa 2030. Hatari ya njia hii imejificha hapa. Ukipanga chumba kwenye nyumba ambayo wenye nyumba wenyewe wanataka kuhama, umepanga nini? Florida State walianza kuishtaki ACC Desemba 2023, wiki chache baada ya kuachwa nje ya mtoano wakiwa na ushindi 13 bila kufungwa. Suluhu imewatuliza, haijawafunga. Oregon na Washington wao hawana wasiwasi huo. Big Ten haivunjiki kesho.

Inawafaa vyuo vyenye wahitimu matajiri na mji mkubwa nyuma yao. Chuo cha umma kinachotegemea bunge la jimbo hakiwezi kuiga hesabu ya SMU hata kikipewa mwaliko uleule.

Njia ya pili: kujenga upya nyumba iliyoungua

Hii ndiyo ya Washington State na Oregon State, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu watu wengi waliiona kuwa ni ukaidi tu.

Pesa. Hatua yao ya kwanza haikuwa uwanjani, ilikuwa mahakamani. Walikwenda mbele ya jaji wa kaunti ya Whitman, kaunti ileile ya Pullman, wakasema: aliyetangaza kuondoka hawezi kuendelea kupiga kura juu ya mali ya nyumba. Wakashinda Novemba 2023, na mahakama ya juu ya jimbo ikakataa kuingilia. Suluhu iliyofuata iliwalazimu wale kumi walioondoka kuacha jumla ya dola milioni 65, na wawili waliobaki wakashika hazina, jina na mapato ya baadaye ya konferensi. Bila ushindi huo hakuna hadithi hii.

Kisha zikaanza gharama. Msimu wa 2024 walikodi wapinzani: waliilipa konferensi ya Mountain West dola milioni 14 ili kila mmoja wao apate mechi sita. Ndani ya mkataba huo kulikuwa na kipengele cha adhabu endapo Pac-12 ingechukua timu za Mountain West. Septemba 2024 Pac-12 wakazichukua hasa: Boise State, Colorado State, Fresno State na San Diego State, na siku chache baadaye Utah State. Adhabu ya timu tano ikafika dola milioni 55. Pac-12 wakaenda mahakamani wakidai kipengele walichokitia saini wenyewe kinavunja sheria ya ushindani. Mwanasheria atakuambia hoja ipo. Mimi nasema tu kwamba asiyesoma mkataba kwa sababu ana njaa, husomewa akishiba.

Mtoano. Bingwa wa Pac-12 mpya hana kiti chake tena. Anagombea kile kiti kimoja na mabingwa wa konferensi ndogo zote. Ila mshindani mkubwa wa kiti hicho amehamia kwake. Boise State ndio waliowafunga Oklahoma 43 kwa 42 kwenye Fiesta Bowl ya Januari 2007, usiku ambao hadi leo ukitajwa watu wanasimama kuonyesha kwa mikono jinsi mpira ulivyopitishwa nyuma ya mgongo. Mwaka 2024 waliingia mtoano wakiwa wa tatu kwa mpangilio, Ashton Jeanty akiwa amekimbia yadi 2,601 msimu huo, kabla ya Penn State kuwatoa 31 kwa 14. Kukaa konferensi moja na timu kama hiyo kunakupa mechi ya maana kila mwaka, na pia kunakupa mtu wa kukufunga kila mwaka.

Safari na watani. Nafuu kuliko kwa wengine wote. Boise, Logan na Fort Collins ni milima ileile. Gonzaga, wasio na futiboli lakini wenye mpira wa kikapu wa hadhi ya juu, wako Spokane, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Pullman. Mechi dhidi ya Washington, ile ya Apple Cup, imeendelea nje ya ratiba ya konferensi, na mwaka 2024 Washington State walishinda 24 kwa 19 ndani ya Seattle. Texas State wa San Marcos ndio walio mbali, na waliingizwa Juni 2025 kwa sababu ya hesabu: kanuni inadai konferensi iwe na timu nane za futiboli, na wao ndio wa nane. Hakuna wa akiba. Akiondoka mmoja, kazi inaanza upya.

Kocha na wachezaji. Hapa ndipo wanapovuja. Oregon State walimpoteza Jonathan Smith, mhitimu wao wenyewe, kwenda Michigan State kabla hata ya vumbi kutulia. Washington State wamekuwa na Jake Dickert msimu wa 2024, Jimmy Rogers 2025 na Kirby Moore kuanzia 2026. Makocha watatu, misimu mitatu, na kila kocha anapoondoka anaondoka na nusu ya chumba cha kubadilishia nguo. John Mateer, aliyekuwa akirusha mpira Pullman mwaka 2024, mwaka uliofuata alikuwa Oklahoma.

Michezo mingine pia imelipa. Mwaka 2025 Washington State waliondoa mirusho na miruko kwenye timu yao ya riadha, wakapunguza mbio fupi, wakabakiza uzito wote kwenye mbio ndefu. Kwa chuo kilichompitisha Rono, Samson Kimobwa, Julius Korir na Bernard Lagat, angalau walijua kipi kisiguswe.

Mlango wa 2030. Mkataba wa matangazo wa televisheni ya CBS na wenzake unaisha 2031, wakati ambapo wakubwa watakuwa wanahesabu upya. Ukifika siku hiyo ukiwa bingwa wa konferensi yako mwenyewe, una kitu cha kuonyesha. Lakini Boise na San Diego State nao wanawaza hilohilo.

Inawafaa vyuo vya miji midogo vyenye washabiki wazito na historia, visivyo na soko kubwa la televisheni la kuvutia mwaliko, na vyenye uvumilivu wa kula kidogo kwa miaka mitano.

Njia ya tatu: kubaki ulipo

Si kila aliyeitwa aliitika. Septemba 2024 Pac-12 iliwabishia hodi Memphis, Tulane, South Florida na UTSA wa San Antonio. Wote wanne wakasema wanabaki kwenye konferensi yao, iitwayo American. UNLV wa Las Vegas na Air Force nao wakaamua kubaki Mountain West.

Pesa. Hoja ya Memphis na wenzake ilikuwa ya hesabu tu: ada ya kuondoka ni kubwa, na Pac-12 wakati huo haikuwa na mkataba wa matangazo wa kuonyesha. UNLV waliahidiwa fungu nono kwa kubaki, zaidi ya dola milioni 20, zitokane na ada za wale waliohama. Fungu hilo ni zuri, lakini limetoka kwenye pesa zilizogombewa mahakamani. Ningekuwa mhasibu wao nisingeanza kulijengea.

Kuna somo jingine hapa. Mwaka 2025 iliripotiwa kwamba Memphis waliikabidhi Big 12 ahadi ya zaidi ya dola milioni 200 za udhamini endapo wangepokelewa, na jibu likawa hapana. SMU walilipa wakaingia. Memphis walitaka kulipa zaidi wakaachwa mlangoni. Pesa inasaidia pale tu aliye ndani anapokuhitaji kwa sababu nyingine.

Mtoano. Usiidharau njia hii. Msimu wa 2025 Tulane, bingwa wa American, na James Madison, bingwa wa Sun Belt, waliingia wote wawili kwenye mtoano, kwa sababu Duke waliobeba ACC walikuwa na vipigo vitano. Ni kweli walitolewa raundi ya kwanza, Tulane kwa Ole Miss na James Madison kwa Oregon. Lakini walikuwepo. UNLV nao wana sababu yao ya kubaki ambayo hawaitangazi: walifungwa fainali ya Mountain West mara tatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025, na mara zote mfungaji alikuwa Boise State. Sasa Boise anahama. Wewe ungemfuata?

Safari na watani. Unabaki na unaowajua, ila nyumba inabadilika sura hata usipohama. Mountain West imewaleta UTEP wa El Paso, chuo alichokikimbilia Mtanzania Suleiman Nyambui, na Northern Illinois kwa futiboli pekee, ambao kutoka kwao hadi Hawaii, wanachama wenzao, ni safari ya kubeba mto wa kulalia.

Kocha na wachezaji. Udhaifu uleule. Kocha akishinda anachukuliwa. Barry Odom aliiinua UNLV, akaenda Purdue. Makocha wa Tulane na James Madison walikwisha kusaini kwingine kabla mechi zao za mtoano hazijachezwa.

Mlango wa 2030. Aliyebaki bila deni jipya anaingia 2030 akiwa mwepesi. Aliyebaki kwa woga anaingia akiwa amesahaulika. Tulane wanajua: walikuwa waanzilishi wa SEC, wakajitoa 1966, na SEC haijawaita tena.

Inawafaa walio kwenye mji unaokua, wenye timu inayoshinda sasa, na wasiotaka kununua tiketi ya meli ambayo bado inapakwa rangi.

Njia ya nne: kucheza bila konferensi

Msimu wa 2025 walibaki wawili tu: Notre Dame na UConn, chuo cha jimbo la Connecticut. Kuwaweka pamoja ni kama kuwalinganisha mwenye meli na mwenye ngalawa kwa sababu wote wako baharini.

Notre Dame wana mkataba wao na televisheni ya NBC tangu 1991, michezo yao mingine iko ACC, na wanacheza kama mechi tano za futiboli na timu za ACC kila mwaka. Walifika fainali ya taifa Januari 2025, wakafungwa na Ohio State 34 kwa 23. Msimu uliofuata walishinda mechi kumi mfululizo na wakaachwa nje ya mtoano. Huna konferensi, huna fainali ya kukuokoa Desemba. Tuwaache, hakuna anayeweza kuwaiga.

UConn ndio mfano wa mtu wa kawaida. Mwaka 2020 walirudisha michezo yao mingine kwenye konferensi ya Big East, wakalipa dola milioni 17 kuihama American, na futiboli ikabaki yatima. Pesa za televisheni ni kidogo na ratiba unaiomba kwa simu. Mwaka 2021 walishinda mechi moja kati ya 12. Njia ya mtoano karibu haipo. Lakini angalia upande wa pili: mpira wa kikapu wa wanaume ukabeba ubingwa wa taifa 2023 na 2024, wa wanawake 2025. Na futiboli yenyewe ikaamka chini ya Jim Mora, ikamaliza 2024 na ushindi tisa, hadi Colorado State walipomchukua mwishoni mwa 2025. Watani wao wa Big East, Villanova, Georgetown na St. John's, wako umbali wa basi.

Mlango wa 2030 uko wazi muda wote, maana hakuna wa kulipwa ada ya kuondoka kwenye futiboli. BYU, chuo cha Utah, walikaa peke yao tangu 2011, na 2023 wakaingia Big 12. Massachusetts walichoka, wakarudi kwenye konferensi ya MAC mwaka 2025.

Inawafaa wenye mchezo mwingine unaobeba jina la chuo, ambako futiboli ni mtoto wa pili na kila mtu nyumbani anajua hivyo.

Sasa, kwa hali yako

Kama chuo chako kimealikwa na konferensi kubwa kwa mgao pungufu, usiulize mgao ni asilimia ngapi kabla hujauliza ni wa miaka mingapi, na ni nani ataziba pengo hilo kwa jina lake. Miaka tisa ya SMU inapita 2030. Ya Oregon na Washington inakwisha mkataba unapokwisha. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tarakimu.

Kama mmeachwa na hakuna mwaliko, tafuteni kwanza mwanasheria, halafu kocha. Pullman na Corvallis walinusurika kwa kusoma katiba ya konferensi vizuri kuliko waliohama.

Kama timu yenu inashinda leo na mwaliko uliopo ni wa konferensi ambayo bado inajengwa, pigeni hesabu ya ada ya kuondoka kwa pesa taslimu, wala msiihesabu ahadi yoyote kama mapato. Hesabu ikikataa, kubakini, na fedha hiyo iwekeni kwa kocha mliyenaye kabla hajaitwa Novemba.

Kama kikapu ndicho kinachojaza ukumbi wenu, safari ya UConn inastahili kusomwa mstari kwa mstari, pamoja na msimu wake wa 2021.

Kama wewe ni mshabiki tu, unayetaka kuiona timu yako ikicheza na watani kwa safari ya gari, Pac-12 mpya na konferensi ndogo zinakufaa kuliko Big Ten, hata kama majirani watakucheka.

Na kama wewe ni mzazi, labda mmoja wa familia zetu za Kenya au Kongo zilizoko Texas, Minnesota au jimbo hilohilo la Washington, na kijana ana ofa mbili mezani, konferensi iwe swali la tatu. La kwanza ni kama ufadhili umeandikwa kwa mwaka mmoja au kwa miaka yote ya masomo. La pili ni kocha aliyemtafuta ana mkataba hadi lini, na kifungu cha kumwachia aondoke kinasemaje. Binti akiwa wa voliboli au mbio, omba ratiba ya safari ya msimu uliopita, siku za kuondoka na saa za kurudi, kisha iweke kando ya ratiba ya mitihani.